Mikokoa ya Kuonyesha Wageni

Wana Chanika, na nyie wa Kigamboni, na nyie wa Boko ambao mkiulizwa mnakaa wapi mnajibu "mjini" huku mnaangalia pembeni, sogeeni hapa. Habari hii ni ya nyumba moja tu. Mtu akiiona inafanana na yake, anyamaze, asijitaje, mradi asikie.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Tusajigwe alikuwa amekaa kigodani nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, chai ya rangi mkononi. Mbele yake ilikuwepo migomba, na chini ya kivuli cha migomba, mistari ya miche ya kokoa. Mingine ilifungwa kitambaa chekundu shinani, mingine cheupe. Alikuwa Mnyakyusa wa Kyela. Mikokoa aliikuta kwao kabla hajaota meno, akaiacha alipoolewa na Mzaramo, bwana Mwishehe, dereva mstaafu, mtu mwenye maneno matamu na mikono laini. Tangu hapo ameishi pwani, katikati ya watu wanaoamini kokoa inaota kwenye kopo. Sasa uzeeni kokoa imemfuata mpaka uani kwake. Alipiga funda la chai akafumba macho.

"Mama Lulu! Mama Lulu, njoo! Inakufa!"

Chai ikamwagika. Mwishehe alikuwa amesimama kwenye mistari na msuli wake, ameshika kichwa kwa mikono miwili kama aliyepokea habari za msiba. Miche ya kitambaa chekundu ilikuwa imelegea. Majani yamening'inia, mengine yameanza kukauka pembeni. Ile ya kitambaa cheupe ilikuwa myembamba, haina sura, lakini imesimama.

"Iache," Tusajigwe akasema. "Si ndivyo alivyosema yule binti?"

Yule binti ni Eliaichi, mtafiti kutoka kituo kimoja cha utafiti wa mazao. Alikuja baada ya masika, viatu vimejaa vumbi, akitafuta mashamba ya pwani, kwenye jua kali na mchanga. Huko kokoa inakolimwa, alieleza, mvua zimeanza kuwa za kubahatisha, na kituo kinataka kujua ni aina gani ya mche itakayovumilia. Akaleta aina mbili, nyekundu na nyeupe. Kivuli ruhusa, palizi ruhusa. Miche ikishashika, maji marufuku, mpaka Mungu alete mwenyewe.

"Na mkiona unaokufa, baba," alimwambia Mwishehe, "msiung'oe, msiuguse. Mniachie hapo hapo nije niuone umekufaje."

Mwishehe alicheka mpaka akakohoa. Alidhani ni utani wa kisomi.

Ili mjue kwa nini alicheka, lazima mjue nyumba yenyewe. Nyumba ile mgeni hakuwahi kuona kikombe chenye ufa. Mgeni akisikika anakuja, Tusajigwe anatumwa kwa jirani, bi Hamisa, kuazima chupa ya chai, zulia na sahani za maua. Siku walipokuja wakwe kumposa binti yao Lulu, Mwishehe aliazima mpaka mbuzi. Hakuwa mbuzi wa kuchinja, msikosee. Alikuwa mbuzi wa kufungwa nyuma ya nyumba alie, wakwe wasikie kwamba humu mna mifugo. Mnacheka? Haya, chekeni, halafu nendeni mkafungue makabati yenu mtazame zile sahani ambazo watoto wenu hawajawahi kulia.

Basi mtu kama huyo umwambie aache mimea ikauke uani kwake, halafu mgeni aje aitazame!

"Mie Mwishehe," akasema, "nimeteuliwa kati ya watu wote wa kata hii. Mtendaji mwenyewe amenitaja jina. Halafu binti wa watu atoke huko aje akute makaburi? Watasema nina mkono mbaya. Mama Lulu, mwagilia."

"Amekataza."

"Amekataza kwa sababu ni mstaarabu, hataki kutuchosha. Mgeni akisema asante nimeshiba, wewe humwongezi?"

Ndilo kosa lenyewe hilo, na lilianza kwa adabu kama makosa mengine makubwa.

Tusajigwe akamwagilia. Kisima chao kilikuwa kimekauka, kwa hiyo alichota kwa Hamisa, ndoo kichwani, dumu mkononi, alfajiri kabla mtaa haujafungua madirisha. Mgongo wake ulishabeba watoto, kuni na mikungu ya ndizi. Sasa, badala ya kupumzishwa, ukapangiwa kazi ya mvua.

"Shoga," Hamisa alimuuliza siku moja, ameegemea ukuta wa kisima na mswaki mdomoni, "maji yote haya, mnaosha maiti?"

"Namwagilia kokoa."

"Si ilikatazwa?"

"Muulize baba Lulu."

"Nimuulize nini mwanaume anayeazima mbuzi?" Hamisa akatema povu. "Ikizaa mniletee kopo moja. Na sukari juu."

Miche myeupe hawakuinywesha, maana haikulegea. Ilibaki vile vile, mifupi, kama watoto wa mama wa kambo. Myekundu ikanywa, ikainuka, ikatoa majani mapya. Ikapendeza kweli, asikudanganye mtu.

Eliaichi alipokuja na rula yake, hakuamini. Alipima mche mmoja mmoja, akapiga magoti mchangani, akainuka anacheka peke yake.

"Mama, hii nyekundu ni balaa! Kiangazi chote hiki? Baba, kweli hamkumwagilia?"

"Tone halijaanguka," akasema Mwishehe, mkono kifuani. "Labda kuku wamekojoa."

"Kuku hawakojoi, baba."

"Basi hata hao hawakusaidia."

Eliaichi akacheka. Tusajigwe naye akacheka, akaingia jikoni haraka kama ameacha kitu motoni. Hakuwa ameacha kitu. Alisimama tu, ameshika kiuno, anasikiliza yule binti anavyoongea nje. Mashamba mengine ya majaribio yameharibika, Eliaichi alikuwa anasema. Moja limeliwa na mbuzi, jingine mwenyewe ameuza kiwanja. Hili la hapa ndilo lililobaki la kutegemea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana ambaye hatimaye amepewa kiti.

"Lakini bado tunaangalia, baba," alimalizia. "Msitangaze kwanza. Naomba sana."

Hajafika hata barabarani, Mwishehe ameshapiga picha. Amejisimamisha katikati ya miche myekundu, kanzu ya Idi, mkono mmoja juu ya jani kama anambariki mtoto. Picha ikaenda kwa huyu, ikaenda kwa yule, ikafika Kyela kwa Ansbert, mdogo wake Tusajigwe, aliyerithi shamba la baba yao. Chini yake ameandika: "Shemeji, mambo ya mche mwekundu hayo. Bila tone."

Ansbert akapiga simu jioni ile ile. Mwishehe akaipokea, akaweka sauti ya nje, akaiweka katikati ya mkeka.

"Dada, ugonile?" Ansbert akasalimia kwa Kinyakyusa. "Nimeona picha za shemeji. Hapa kwetu mikokoa ya baba imezeeka, na ukame wa juzi umeimaliza nguvu. Nimesikia hiyo nyekundu naweza kupata miche ya kuanzia. Ila lazima nikate ya zamani, nipate nafasi. Picha ni picha, dada. Wewe ndiye macho yangu huko. Nikate?"

Tusajigwe akamtazama mumewe. Mwishehe naye alimwangalia kama alivyomwangalia siku ya wakwe, mbuzi wa kuazima alipogoma kulia.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Iko hai kweli?"

"Iko kijani, mdogo wangu," akasema Tusajigwe. "Ni kijani kabisa."

Hapo hakusema uongo hata nukta. Mtu anaweza kumzamisha ndugu yake kwa maneno ya kweli matupu, na asilowe.

Simu ilipokatika, alimgeukia mumewe. "Baba Lulu, yule atakata. Lile shamba ndilo linalomsomeshea watoto. Mruhusu nimwambie."

"Umwambie nini? Kwamba shemeji yake mwongo?"

"Nimwambie inakunywa maji."

"Kila kitu kinakunywa maji! Hata wewe unakunywa!" Mwishehe akainuka, akashusha sauti maana ukuta wa Hamisa haukuwa mbali. "Utaniumbua, mama Lulu. Mbele ya mtendaji, mbele ya yule binti, mbele ya ukoo wenu ambao toka zamani wanasema umeolewa na mvivu. Subiri mvua. Mvua ikinyesha haya yote yatajifuta."

Mvua haikunyesha. Vuli ilikuja ikarusha manyunyu ya kutia vumbi harufu, ikapita. Kiangazi cha pili kikaingia, Tusajigwe akaendelea na ndoo. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Akilala anachota, akiamka anachota. Kanisani kwaya ikiimba yeye anahesabu miche. Kila akishusha ndoo alijiambia leo nampigia Ansbert, na kila akiinuka alikuta mgongo unauma mno hata kuwaza.

Asubuhi moja alijiinamia kisimani akashindwa kuinuka. Hamisa ndiye aliyemkuta, amekumbatia ukuta kama mlevi.

"Umeona sasa?" Hamisa akafoka, machozi yanamlenga. "Umekufa wewe badala ya mti!"

Lulu akaja na bajaji akamchukua mama yake kwake Kigamboni. Huko Tusajigwe alilala, akalishwa, akakandwa mgongo kwa maji ya moto.

"Baba hawezi kumwagilia mwenyewe?" Lulu akauliza.

"Baba yako hajui hata ndoo inashikwa wapi."

Simu ilikuwa hapo juu ya mto wa kulalia, karibu na shavu lake. Alishaitafuta namba ya Ansbert, akaitazama, akaifunga. Kumwokoa mdogo wake ilikuwa ni kumvua nguo mumewe hadharani, na nguo za Mwishehe alikuwa amezishikilia kwa muda mrefu mno hata hakujua namna ya kuziachia. Tusimtukane. Wangapi humu mitaani wanashikilia za kwao?

Halafu Mwishehe akapiga. Sauti ilikuwa juu, imechangamka kupita kiasi.

"Mama Lulu, rudi. Kesho yule binti anakuja na wakulima wa Kyela, gari zima. Shemeji yumo! Anataka aone mwenyewe kwa macho."

"Miche ikoje?"

"We njoo tu. Nimeshaweka mambo sawa."

Alirudi asubuhi, Lulu amemshika mkono. Alipotokea nyuma ya nyumba akasimama. Mistari ya vitambaa vyekundu ilikuwa imejaa, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Akasogea. Akainama taratibu kwa ajili ya mgongo. Akashika jani.

"Baba Lulu. Hii ni nini?"

"Kokoa."

"Umeitoa wapi?"

Mwishehe akatazama huku na huku. "Ile ilikauka yote, wewe hupo. Nikaenda kwa wale vijana wa miche barabarani. Nikawaonyesha jani, nikawaambia nataka inayofanana na hii."

"Uliwaonyesha jani gani?"

"Lile lililokauka."

"Baba Lulu, umepanda mistafeli."

"Majani si majani?" akasema Mwishehe, akichungulia barabarani. "Nani atajua?"

Nani atajua! Gari zima la watu waliozaliwa ndani ya mikokoa linapaki nje, yeye anauliza nani atajua.

Wakaingia. Salamu zikapigwa, shikamoo zikatembea, Ansbert akamkumbatia dada yake akamwambia amekonda. Eliaichi alikuwa mbele, uso umechangamka, anaeleza. Wakulima wakainama kwenye mstari. Ansbert akachuma jani, akalifikicha, akanusa.

"Shemeji," akasema kwa adabu zote, "hii ni stafeli."

Watu wakapasuka kucheka. Mwishehe naye akacheka, tena kuwashinda wote. "Aa, huo mmoja umepotea njia!"

Ansbert akaenda kwenye wa pili, akanusa. Akaenda wa tatu. Kicheko kikapungua. Alipofika mwisho wa mstari hapakuwa na anayecheka, na Eliaichi alikuwa ameshika rula kifuani kama mtoto aliyesahau somo.

"Unajua, kuna mbuzi," Mwishehe akaanza, "mbuzi wa jirani waliingia..."

"Hakuna mbuzi," akasema Tusajigwe.

Hakupaza sauti. Hakuwa na nguvu ya kuipaza. Aliomba kigoda, akakaa, akasema mbele ya wote huku anatazama mikono yake. "Myekundu imekufa. Ingekuwa imekufa tangu kiangazi cha kwanza. Mie ndiye nilikuwa nachota maji alfajiri. Huo mche hauvumilii ukame, mwanangu. Niliuvumilia mie."

Eliaichi akakaa chini pale pale, mchangani.

"Tangu kiangazi cha kwanza?"

"Ndiyo."

"Vipimo vyote vile?"

"Vyote."

Yule binti hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Tusajigwe. "Mama, sikuja hapa kutafuta mti mzuri peke yake. Nilikuja kutafuta na unaokufa. Nikishaujua, nawaambia watu wauache. Mngeniachia ukafa, ningewashukuru." Akainuka, akaanza kufungua vitambaa vyekundu kwenye mistafeli, kimoja kimoja. Alipofika kwenye mistari ya vitambaa vyeupe akasimama. Ile miche mibaya ilikuwa ipo, midogo, ngumu, hai. "Hii nayo mliimwagilia?"

"Hapana. Haikuomba."

Akaigusa kwa kidole. "Ndiyo niliyokuwa naitafuta," akasema, "na siwezi kuiandika. Shamba lililoguswa haliaminiki tena, hata mnaponiambia kweli. Itabidi nianze upya kwingine." Kazi yake ya miaka ikawa imeishia hapo, kwenye vitambaa vilivyojaa kiganja.

Wakulima wakatoka mmoja mmoja. Ansbert akabaki. Alichuchumaa mbele ya dada yake.

"Umeshakata?" Tusajigwe akauliza.

"Upande wa mtoni wote. Upande wa juu nilisema nije kwanza nione."

"Ansbert..."

"Dada, nilikuuliza."

"Nilikwambia ni kijani."

"Ndiyo. Hukunidanganya. Ndiyo maana inaniuma." Akainuka, akamrekebishia kanga begani kama alivyokuwa akifanya utotoni, akamshika mkono shemeji yake aliyekuwa amesimama mlangoni haingii wala hatoki, akaenda kupanda gari.

Upande wa juu ulipona. Mikokoa ya baba yao bado ipo huko, mizee, inatoa kidogo, na watoto wawili wa Ansbert wameacha shule wanamsaidia kupanda upya upande wa mtoni. Mwishehe mtaani wanamwita Bwana Stafeli. Alisusa baraza kwa muda, halafu akarudi, maana nyumbani hapakuwa na wa kuongea naye. Tusajigwe hasusi, ila ameishiwa maneno. Hachoti maji ya mtu tena. Anayetaka kuoga anachota, na Mwishehe ameshajua ndoo inashikwa wapi.

Ansbert anapiga simu kila Jumapili. Anasalimia, anauliza mgongo, anamtania kuhusu uzee. Habari za shamba hamuulizi tena.

FUNZO

Jamani, wageni wapendwe, wapewe chai na kiti kizuri. Hakuna anayekataza. Lakini yupo mgeni anayekuja kula, na yupo anayekuja kujua. Mtafiti wa mimea, daktari, mwalimu anayeuliza mtoto amelalaje, ndugu anayeuliza nikate au nisikate: hao hawakuja kupambiwa nyumba. Ukiwaficha aibu yako ya leo, unazaa hasara atakayoibeba mtu mwingine, mbali, asiyejua hata jina lako.

Na nyie wanawake wenzetu mnaobeba ndoo za kufichia aibu za wanaume, zishusheni mgongo ungali mzima. Kinachokauka kikauke. Na nyie waume, mkeo akikwambia "mruhusu nimwambie", mruhusu, maana siku akisema bila ruhusa atakuwa amechelewa, na kijiji kizima kitakuwa kimeshika majani kinanusa.

Kilichokufa uani kwako kionyeshe kikiwa kimekufa. Mwenye kucheka na acheke pembeni, mwenye akili atachukua rula apime.